Fundi Sponji na Mawakili Waliochekeana

Kilichomwondolea Fundi Sponji raha ya dunia kilikuwa uzi. Uzi mweupe, mfupi, ulionasa begani kwenye joho jeusi la wakili wa upande wa pili. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la korido ya mahakama, kofia magotini, akingoja shauri lake liitwe, ndipo alipomwona wakili wake mwenyewe, mama ambaye Fundi alimkabidhi roho yake, akinyoosha vidole viwili, akaubana uzi ule na kuutupa chini. Alifanya vile vile dada anavyomkagua kaka yake siku ya kwenda kuposa. Kisha wakacheka wote wawili, yule bwana kwa sauti ya kutingisha vioo.

"Kaka, utaniua wewe," alisema Mama Wakili, mkono ubavuni.

Mtu mwingine angeona uzi tu. Fundi Sponji aliona njama. Na tusimcheke mapema, maana mtu anayengoja kuambiwa kama atabaki na mjukuu wake au atanyang'anywa haoni mambo kwa ukubwa wake. Siku ile shauri liliahirishwa hata kabla hajapasha benchi joto. Mawakili wawili wakaagana kwa kupigana mabega, na yeye akaenda zake nyumbani roho ikiwa juu juu, akimwita yule bwana Kicheko, jina ambalo hakuliacha tena.

Yeye mwenyewe watu hawakumwita Sponji kwa sababu ni laini. Alikuwa mkavu, mrefu, mwenye magoti yanayotangulia. Alikuwa fundi wa makochi, na tangu ujana wake hajawahi kutoka kazini bila vipande vya sponji nyweleni. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, mbele ya kinyozi, na ndani yake kulikuwa na makochi yaliyovuliwa nguo, magunia, mikanda ya mpira, ndoo ya gundi na misumari midogo ambayo aliishika kwa midomo akiwa kazini, ndiyo maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na sharti moja: kochi halifunguliwi bila mwenye kochi kuwapo. Ndani ya kochi kuukuu hutoka mambo, vitana, hereni, picha ya mtu ambaye si wa nyumba ile, na fundi hakutaka kuambiwa ameiba wala ameona. "Njoo usimame hapa," angemwambia mteja, "tuvue wote, tuone wote." Kwa makochi ya watu alikuwa hivyo.

Kwa mambo yake ilikuwa habari nyingine.

Binti yake, aliyekuwa mtoto wake wa pekee, alifariki akimwacha msichana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Huyo ndiye Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya alama nyeusi iliyo chini ya jicho lake. Baba yake Kidoti alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa leo yuko hapa, kesho yuko nchi ya tatu. Baada ya maziko alimleta mtoto kwa babu na bibi, akasema, "Baba, nishikieni kidogo nijipange." Kidogo ile ikawa miaka. Kidoti akaota meno, akayang'oa, akaota mengine, akafika darasa la tatu. Na sasa yule dereva alikuwa ameacha safari ndefu, ameoa tena, amepata nyumba yenye chumba cha ziada, na amekwenda mahakamani kudai mtoto wake.

Fundi aliliambia kila sikio lililo tayari kusikia kwamba yule bwana alimtupa mtoto kama kiatu kibovu. "Hajui hata anavaa saizi gani," alisema. Alilisema hilo kwa Kinyozi, kwa jirani, kwa Mama Wakili, na kila alipolisema, mkewe aliyekuwa karibu aligeuka akatafuta kitu cha kufanya. Kwa sababu ukweli ni kwamba yule dereva alikuwa akipiga simu. Kila Jumamosi mchana, popote alipoegesha lori, alipiga. Na kila Jumamosi mchana Fundi Sponji aliichukua simu, akatoka nayo nje, akasema neno moja: "Amelala." Wakati mwingine Kidoti alikuwa pale pale ukumbini anaimba. Baadaye simu zikapungua, kisha zikaanza tena alipooa, na jibu likabaki lile lile.

Kwa nini? Aliogopa, basi. Aliogopa kwamba mtoto akimzoea baba yake atataka kwenda, na akienda, nyumba ile itabaki na wazee wawili na redio. Mtu akishazika mtoto wake, hofu ya namna hiyo haimwachi hata akipewa dawa.

Mkewe alimwambia mapema kabisa, siku ile ya kwanza ya kwenda kwa wakili. "Mweleze na habari ya simu."

"Nitamweleza."

"Mficha maradhi, mume wangu, kifo humuumbua."

"Nimesema nitamweleza!"

Na kwa kweli alikusudia. Lakini ukaja ule uzi.

*

"Umewaona kwa macho yako?" Kinyozi aliuliza. Alikuwa na mteja kitini, povu mpaka masikioni, lakini habari kama hii haingoji povu.

"Kwa macho yangu haya. Amemtoa uzi."

"Akamtoa uzi!" Kinyozi akaushusha wembe. "Na anamwitaje?"

"Kaka."

"Umekwisha, mzee mwenzangu. Umekwisha kabisa. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi, si ndiyo? Sasa wakipatana?"

"Wakipatana nini?"

"Wanazila."

Mteja mwenye povu alicheka mpaka akaambiwa atulie asikatwe sikio. Fundi hakucheka. Kinyozi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuingia mahakamani ila siku moja kukwepa mvua, akamweleza jinsi mambo yanavyokwenda humo ndani. Hao lao moja. Wamesoma pamoja, wanakula pamoja, mchana wanavaa majoho kutuzuga, jioni wanagawana siri zetu. "Hukumu ya mtu hupikwa kwenye vikombe vya chai," alisema. "Wewe ulifikiri inapikwa wapi?"

"Sasa nifanyeje? Nimtafute mwingine?"

"Mwingine naye si atakuwa rafiki yake? Mtegee huyo huyo. Mpe siri ya uongo, siri mbaya, usimwambie mtu mwingine hata mkeo. Halafu kaa kimya. Siku ukiisikia inatoka mdomoni mwa yule Kicheko, umeshamjua mchawi wako."

Ushauri wa bure una ladha yake, na Fundi aliulamba wote. Wiki ile hakuwa mtu wa kazi. Alilivika kochi la mteja mmoja kitambaa cha maua, akapigilia, akakata nyuzi, akalisukuma mlangoni kwa fahari, ndipo mwenye kochi alipouliza kwa upole kwa nini maua yote yanaota kuelekea chini. Ilibidi alivue upya. Alijigonga kidole, akammwagia paka gundi. Nyumbani alikuwa anasimama, anakaa, anafungua mlango, anaufunga. Kidoti alimuuliza, "Babu, unatafuta nini?" akasema anatafuta miwani, na miwani ilikuwa puani.

*

Ofisi ya Mama Wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Feni ilizunguka kwa kusitasita, mafaili yamepangwa hata sakafuni, na kiti cha wateja kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto kiasi kwamba kila aliyekikalia alionekana kama anataka kunong'ona. Fundi mikono ilimwasha kukipindua atazame mikanda yake. Alijizuia. Leo alikuja kutega.

Mama Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, asiyekunywa chai ikiwa ya moto kwa sababu siku zote aliisahau. Aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu," alisema, "Jumatano utapanda kizimbani. Nataka nikuulize tena swali langu la kila siku. Kuna jambo lolote hujaniambia? Hata la aibu. Mimi si hakimu, sikupimi. Lakini mabaya yako nataka niyasikie kwako kwanza, nisije nikayasikia kwa mwenzangu."

Mwenzangu! Neno lile likamchoma. Na kana kwamba Mungu mwenyewe alikuwa akimtania, simu ya mezani ikalia, Mama Wakili akaipokea, uso ukamng'aa. "Ee kaka! Hapana, leo siwezi, nina mgeni. Wewe nawe, mwongo mkubwa!" Akacheka, akakata. Sauti ya Kicheko ilikuwa imevuma mpaka upande wa pili wa meza.

"Samahani, mzee. Tulikuwa tunasema?"

"Ulikuwa unauliza."

"Ndiyo. Baba yake mtoto, kwa mfano. Miaka yote hii hajawahi kumtafuta? Kupiga simu, kuagiza salamu?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Fundi aliuona kabisa ukiwa wazi. Alimtazama yule mama, akaitazama ile simu, akasikia maneno ya Kinyozi juu ya vikombe vya chai.

"Hajawahi," alisema.

Kalamu ikaandika. Basi Fundi akasogea mbele, akashusha sauti, akatega mtego wake. "Ila kuna jambo moja, mama. Hata nyumbani hawajui. Daktari amenipima moyo. Amesema si mzima. Amesema naweza kuanguka wakati wowote."

Uongo mtupu. Moyo wake ungeweza kuvuta mkokoteni. Lakini alikuwa amelichagua jambo hilo kwa akili: likimfikia Kicheko, lazima atalitumia, atasimama aseme mtoto hawezi kulelewa na mtu mwenye mguu mmoja kaburini.

Mama Wakili alivua miwani. "Pole sana, mzee wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Pole sana. Hili litabaki hapa hapa." Kisha akasimama mwenyewe, akamfungulia mlango, na akashuka naye ngazi zote akimwambia asiharakishe. Fundi alishuka akijisemea kimoyomoyo kwamba wenye hila ndio wenye maneno matamu.

*

Jumatano ilifika. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye madirisha yasiyofunguka na viti vya mbao ambavyo Fundi aliviona ni adhabu kabla ya hukumu. Mkewe alibaki nyumbani kumngoja mtoto atoke shule. Yule dereva alikuwa upande wa pili na mke wake mpya, shati limepigwa pasi mpaka limekuwa kadi. Hawakutazamana.

Fundi alipoitwa, Mama Wakili alisimama kwanza. "Mheshimiwa, naomba shahidi wangu aruhusiwe kutoa ushahidi akiwa amekaa." Hakusema kwa nini. Hakimu alimtazama Kicheko, Kicheko akasema hana pingamizi, karani akaleta kiti. Akaleta na glasi ya maji ambayo Fundi hakuiomba. Ajabu ni kwamba hata pale hakushtuka kuuliza vyote vile ni vya nini. Alikuwa amekaza masikio, akingoja neno moja tu, moyo. Alijibu maswali ya wakili wake vizuri: mtoto anakula, anasoma, anapendwa. Kisha Kicheko akainuka, akavuta joho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sitakuchosha. Mjukuu wako hulala saa ngapi?"

Fundi akashangaa. "Mapema. Ana adabu."

"Na mchana je, hulala?"

"Mchana? Aa, hapana. Mchana yuko shule."

"Siku za mapumziko? Jumamosi, tuseme."

"Jumamosi anacheza, anaimba. Yule hajalala mchana tangu aache kunyonya!" Watu wakacheka kidogo, hata hakimu alitabasamu, na Fundi akajiona anaendelea vyema.

"Basi nisaidie, mzee wangu," alisema Kicheko, na safari hii hakucheka. "Baba yake akipiga simu Jumamosi mchana, kwa nini humwambia amelala?"

Fundi alimtazama yule dereva, na yule dereva alikuwa ameinamisha kichwa, mke wake amemshika mkono. Jasho lilianza kwenye utosi, likashuka shingoni, likaingia kwenye shati. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania kiti. Akasikia kishindo, ni Mama Wakili amesimama na kiti chake kimeanguka.

"Mheshimiwa! Naomba tupumzike. Hali ya mteja wangu si nzuri, naogopa."

"Sina pingamizi," Kicheko alidakia kabla hakimu hajauliza, na alikuwa tayari amefika kizimbani na ile glasi ya maji, anamnywesha mzee kwa mkono wake. Shahidi aliye katikati ya maswali haruhusiwi kunong'onezana na wakili wake, kila mtu mle ndani alijua isipokuwa Fundi. Lakini Kicheko aligeuka akasema, "Na mama azungumze na mteja wake kama anahitaji. Namwamini." Hakimu akawapa nusu saa.

*

Waliingia kwenye chumba cha pembeni chenye meza na kabati lisilofungika. Mama Wakili alimkalisha, akamlegeza kola, akampepea kwa faili. "Dawa zako ziko wapi? Umekuja nazo? Nimwite daktari?"

"Dawa gani?"

"Za moyo, mzee!"

Hapo ndipo Fundi Sponji alipotamani sakafu ifunguke. Hakuwa na pa kukimbilia. Alisema yote, kwa vipande vipande, macho kwenye kofia. Kwamba moyo hauumwi. Kwamba ulikuwa mtego. Kwamba Kinyozi alisema. Kwamba ule uzi. Kwamba simu zilipigwa kweli, na alizijibu yeye.

Faili likaacha kupepea.

"Uzi?" aliuliza Mama Wakili.

"Ulimtoa uzi begani."

"Wiki nzima," alisema yule mama polepole, "wiki nzima nimekuwa nikiogopa utaanguka mikononi mwangu. Nimemwomba hakimu ukae. Nimemwomba karani maji. Jana nimemwombea mgonjwa asiyekuwepo!" Alikuwa na hasira ya kweli, na Fundi alijikunja kwenye kiti. "Haya, sasa nisikilize, mzee wangu, maana nikikaa kimya nitapasuka. Yule bwana tumesoma darasa moja. Alinibebea jeneza la baba yangu. Jana mchana tumekaa meza moja, kaniuliza hali ya mama yangu, kanicheka kwa kuvaa viatu viwili tofauti. Na muda wote huo swali la leo alikuwa nalo tumboni. Hakunidokeza hata kwa kope! Ameniacha nije hapa nivuliwe nguo mbele ya hakimu."

"Basi si rafiki," Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Ni rafiki. Ndiyo maana simlaumu. Ile ilikuwa siri ya mteja wake, na siri ya mteja wake si yangu. Mimi nami nilikuwa na moyo wako tumboni mwangu, meza ile ile. Kuna aliyemwambia mwenzake?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Nauliza. Kuna aliyesema?"

"Hakuna."

"Sasa leo umesalitiwa na nani?"

Alijua jibu, na Mama Wakili hakungoja alitamke. Alikaa kwenye ukingo wa meza, akavua miwani, akajisugua macho. Ilikuwa aibu kubwa kwa Fundi kumwona amechoka vile, kuliko hata kule kizimbani. Aliwaza angefanya nini yeye kama mteja angemletea kochi, akampa na uongo juu ya kilichomo ndani, kisha akamlaumu yeye fundi sindano iliyojificha humo ilipomchoma. Angelitupa kochi barabarani, na mteja angelifuata.

"Umenikataa?" aliuliza.

"Ningekukataa ningekuwa nimeshatoka. Yule mtoto anapenda kuwa kwenu?"

"Anapenda."

"Na baba yake?"

Fundi aliigeuza kofia magotini. "Hamjui. Sikumpa nafasi amjue."

"Hilo ndilo neno la kwanza la kweli uliloniambia juu ya mtu huyu." Akavaa miwani. "Kaa hapa. Naenda kwa kaka yangu. Ndiyo, kaka yangu. Akiniambia mteja wake anataka kitu fulani, najua anakitaka kweli, sihitaji kugeuza maneno yake kutafuta mtego. Ungejua mawakili wanaochukiana wanavyowachelewesha watu, ungeniombea marafiki zaidi."

Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena, akabandika paji la uso pale. Aliwaona kwenye korido, vichwa vimeinama. Safari hii hawakucheka. Kicheko aliongea, mama akatikisa kichwa kukataa, akanyoosha kidole. Kicheko akaenda kwa dereva aliyekuwa kwenye benchi, akarudi. Mama akakataa tena. Fundi aliwatazama na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba wataachana kwa ubaya. Mwishowe Kicheko alijikuna kidevu, akaitikia kwa kichwa, na Mama Wakili akarudi, akafunga mlango.

"Mtoto atabaki kwenu siku za shule. Mwisho wa wiki na likizo, kwa baba yake. Alianza kwa kumtaka moja kwa moja, nimepigana. Kesho asubuhi tunatia sahihi mbele ya hakimu. Ila ana sharti moja, na hilo hakulegeza."

"Anataka nini? Niseme mbele ya watu kwamba mimi ni mwongo?"

"Anataka mtoto aambiwe kwamba alikuwa anapiga. Aambiwe na wewe. Leo. Anasema amechoka kuwa mtu aliyesahau."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Na nikikataa?"

"Ukikataa tunarudi mle ndani, na nitakutetea mpaka koo likauke. Lakini hakimu atamwita mtoto, na atayasikia kwa hakimu. Uamuzi ni wako. Mimi kazi yangu ni kukuambia ukweli, na wewe tangu leo, tafadhali, ufanye hivyo hivyo kwangu."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje, mama?"

"Ningekwenda nyumbani," alisema Mama Wakili.

*

Jua lilikuwa bado kali alipofika. Mkewe alimtazama usoni mara moja tu, akaacha kufua, akaja akakaa kizingitini bila kuuliza. Kidoti alikuwa ukumbini, amelala kifudifudi juu ya zulia, anachora. Fundi alikaa chini karibu naye, magoti yakalia. Alianza mara tatu. Alizungumzia shule, akazungumzia viatu, akasema jua leo limewaka. Mkewe akakohoa.

"Kidoti," alisema, "baba yako alikuwa anapiga simu."

"Lini?"

"Zamani. Na juzi. Jumamosi nyingi. Anapiga anataka kuongea na wewe, mimi nasema umelala."

Penseli ilisimama. Mtoto hakuinua kichwa. "Nilikuwa nimelala?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulisema?"

Alikuwa ametayarisha maneno njiani, maneno mazuri ya mtu mzima, kwamba ukikua utaelewa, kwamba babu anakupenda. Yote yalimkauka. "Niliogopa utaondoka," alisema. "Nilikosea. Nilikosea sana, mama yangu."

Kidoti alikaa. Midomo yake ilikuwa imebana, na ile alama nyeusi chini ya jicho ililowa. Hakulia kwa sauti. "Mimi niliwaambia shuleni baba yangu amekufa," alisema. "Kwa sababu kama hajafa, mbona hanitafuti."

Bibi yake aliyekuwa kizingitini aliinuka ghafla akaingia chumbani, akafunga mlango. Fundi alibaki pale pale. Alinyoosha mkono amguse bega, mtoto akalisogeza bega pembeni. Hakumsogelea tena. Aliitoa simu mfukoni, akaitafuta ile namba, na mikono yake, iliyozoea kupiga misumari midogo bila kuitazama, ilikosea mara mbili. Ilipoanza kuita akampa.

Kidoti aliichukua akatoka nayo nje, hadi kwenye kamba ya nguo. Kupitia dirishani Fundi alimwona mgongo. Mwanzoni alisikiliza tu, kichwa chini. Kisha akasema neno. Kisha maneno. Akaanza kutembea huku na huku chini ya zile nguo, mkono mmoja unaeleza, kama alivyokuwa akitembea mama yake akiwa na habari. Aliongea mpaka Fundi akachoka kusimama, na hakuthubutu kukaa.

Aliporudi, simu ilikuwa bado sikioni.

"Anauliza unaendeleaje," alisema. "Anasema leo alikuona unatoka jasho, akaogopa umeugua."

"Mwambie babu mzima," alisema Fundi Sponji. "Mwambie ahsante. Mwambie..."

"Mwambie mwenyewe," Kidoti alisema, akamwekea simu kiganjani, akaenda kumbishia bibi yake hodi mlangoni.